Kifaru na Kijana wa Kijiji

Ndugu wanakikundi, somo letu leo ni kifaru mweusi. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi karibu 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walibaki chini ya 400. Waliuawa kwa sababu ya pembe, na pembe yenyewe ni kitu kile kile cha kucha zetu! Haina dawa yoyote.

Kuwarudisha si rahisi. Ng'ombe hubeba mimba miezi 9; kifaru miezi 15 au zaidi, na huzaa ndama mmoja tu. Kwa ulinzi mkali siku hizi wamefika kama 1,000.

Sasa tusikilizane hapa. Jangili wa kutoka mbali hajui kifaru hunywa maji wapi usiku. Lazima atafute kijana wa hapa, asiye na kazi, ampatie elfu chache amwonyeshe njia. Pembe itauzwa ng'ambo kwa mamilioni. Kijana akishikwa, sheria ya 2013 inaweza kumfunga maisha, na yule tajiri haonekani kortini. Ni mama anayebaki kuuza mbuzi atafute wakili.

Kule Sera, Samburu, mambo yalienda njia nyingine. Mwaka 2015 wananchi walipokea vifaru weusi 10 katika hifadhi yao wenyewe, na vijana wa pale pale wameajiriwa kuwalinda.

Jadilini: Mgeni akianza kuuliza njia za wanyama, nani aambiwe kwanza, chifu au askari wa gemu? Na kijana aliyemaliza shule na amekaa tu nyumbani, mfuko wa kikundi unaweza kumwanzishia kazi gani?