Kuongeza Viti vya Nyuma Katika Gari

Safari za kwetu tunazijua. Siku ya soko Mutomo au Wote, Probox iliyotengenezwa kwa watu watano inabeba tisa, hata kumi, na wawili watatu wamekunjana kwa buti pamoja na magunia. Ndipo mwenye gari husema, "Afadhali niwawekee kiti." Anaenda kwa wauzaji wa spea za mitumba, anapata kiti cha nyuma kilichotolewa kwa gari lingine, fundi wa jua kali anachomelea miguu yake kwa sakafu, na jioni gari liko barabarani. Nia si mbaya. Lakini katika somo hili tuulize: kiti hicho kinashikwa na nini?

Tuanze na hesabu kidogo. Gari likienda kilomita 50 kwa saa na kugonga mti, tuseme linasimama katika nafasi ya nusu mita. Wakati huo mtu wa kilo 60 husukumwa mbele kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 1,200. Hayo ni magunia 13 ya mahindi, yale ya kilo 90. Watu watatu wakiwa wamefungwa mishipi kwenye kiti hicho, ni karibu magunia 40 yanayovuta ile miguu kwa mara moja, na kiti chenyewe bado hatujakipima. Sasa tazama bati la sakafu ya buti. Kwa gari dogo halifiki milimita moja. Hata welda awe hodari namna gani, ameshika bati tu, na bati litang'oka pamoja na kiti. Kama hawakufungwa mishipi, basi wanaruka wao wenyewe, na wa kuwasimamisha ni shingo ya aliyeketi mbele yao.

Tena kuchomelea kuna hatari yake. Moto huunguza rangi inayokinga bati, na kutu huanzia hapo. Magari mengi yana tangi la petroli na mabomba yake chini ya sakafu ya nyuma. Fundi anayewasha moto juu yake bila kuchungulia chini anacheza na maisha yake na ya majirani.

Hatusemi viti haviwezi kuhamishwa. Matatu nyingi za HiAce zilitoka Japani zikiwa gari za mizigo, viti vikawekwa hapa hapa Kenya. Kazi ikifanywa vizuri, kiti hutoka kwa gari la aina ile ile, pamoja na reli na bolti zake. Kwanza fundi huinua zulia kutafuta matundu yenye nyuzi yaliyowekwa kiwandani, kwa maana hapo sakafu imeimarishwa. Kama hayapo, hutoboa mahali palipo na mbavu za chini, na kila bolti hupitia bati nene la milimita 3, pana kama kiganja, lililowekwa upande wa chini ili nguvu isambae. Bolti iwe ile iliyoandikwa 8.8 kichwani, si ya mlango wa choo. Mishipi inunuliwe mipya: mshipi uliokuwa ndani ya gari lililogongwa umeshavutika, hata kama unaonekana mzuri. Kiti ambacho fremu yake imepinda, kiacheni huko huko.

Kwa Probox shida ni kubwa zaidi. Ile ya mizigo, ya zamani, Toyota iliijenga ibebe watu wawili na kilo 400, au watu watano na kilo 250. Hesabu hiyo ni ya mzigo uliolala sakafuni. Ukiketisha watu watatu nyuma kabisa ya ekseli, mbele inakuwa nyepesi, usukani unalegea na taa za usiku zinamulika juu ya miti. Na ile buti ndiyo inayokunjamana lori likikugonga kutoka nyuma. Kwa maoni yetu, hapo hapana kiti cha kuwekwa, hata fundi awe nani.

Kuna pia karatasi. Idadi ya abiria imeandikwa kwa logibuku, na anayetaka kuibadilisha huomba kibali NTSA na gari likaguliwe. Tangu Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilidai kila kiti cha matatu kiwe na mshipi. Bima nayo hukatwa kwa idadi ya abiria. Aliyeumia akiwa kwenye kiti kisichojulikana anaweza kuzungushwa miaka kortini.

Wazazi mnaochanga pesa kukodi gari la watoto wa shule, msione haya kukagua. Inueni zulia mtafute alama za kuchomelea. Halafu shika kiti kwa mikono miwili, ukitikise kwa nguvu. Kikicheza, mtoto asipande.