Walinzi wa Bendera

Zamani, askari walipopigana kwa baruti, moshi ulitanda hata mtu asimwone mwenziwe. Kwa hiyo kila kikosi kilikuwa na bendera yake, ili askari waione na kujua pa kukusanyika. Waliochaguliwa kuilinda walikuwa katika hatari kubwa, maana adui aliwalenga sana. Huko Marekani, tarehe 18 Julai 1863, mchukuzi wa bendera wa kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari weusi, alipigwa katika shambulio la ngome ya Wagner. William Carney, aliyezaliwa mtumwa, aliishika bendera ile, akairudisha kwa wenziwe hali amejeruhiwa. Nishani yake aliipata mwaka 1900, alingojea sana!

Siku hizi jina lile limebaki katika shule za Marekani, walakini hapana moshi wala risasi. Walinzi ni wavulana na wasichana wafuatanao na beni ya shule, wakizungusha na kurusha bendera za kitambaa chepesi kwa mwendo wa muziki. Wengine huchezea bunduki za mti na panga zisizo makali. Wakati wa baridi hushindana ndani ya nyumba. Mashindano hayo yana chama chake, Winter Guard International, kilichoanzishwa mwaka 1977.

Mwanafunzi atakaye kuingia hujaribiwa kwanza. Hupewa mti wa bendera, urefu wake yapata futi 6, naye hufundishwa kuuzungusha mbele ya kifua, mkono mmoja ukiacha na mwingine ukipokea, huku akihesabu moja hata nane. Kwa mtazamaji kazi hiyo ni nyepesi. Baada ya saa moja mabega yamwuma, na pengine mti umekwisha mpiga puani. Mwalimu hatazami mikono yake tu. Aangalia kama asikia akionywa, tena kama hesabu yake yapatana na ya jirani yake. Mmoja akitangulia kidogo tu, safu nzima imeharibika.

Jambo gumu kuliko yote ni kuangusha. Bendera iliyorushwa juu haidakwi sikuzote, na watu wote huona. Mgeni husimama akajifunika uso kwa haya, na hapo hesabu nne zimekwisha pita. Aliyezoea huinama pale pale, akaiokota, wala haanzi tena pale alipoachia. Huingia katika hesabu waliyofika wenziwe. Basi walimu wengine huwaangushisha wanafunzi bendera kwa kusudi, wakaiokota, wakaiangusha tena, mpaka haya iwatoke.