Chakula na Dawa katika Tiba Asilia ya Wachina

Makala haya yanajadili uhusiano wa chakula na dawa katika tiba asilia ya Wachina. Uhusiano huo hufupishwa kwa kauli kwamba chakula na dawa vina asili moja. Kauli hiyo ina msingi, ila wengi huitafsiri visivyo, wakadhani kwamba dawa itokanayo na mimea haina madhara zaidi ya mlo wa jioni.

Lugha yenyewe hudokeza ujamaa huo. Kichina cha kila siku hutumia kitenzi kimoja, chi, kwa kula wali na kwa kutumia dawa. Vigezo navyo ni vilevile: kiliwacho chochote hupewa tabia, iwe ya joto, uvuguvugu, ubaridi kiasi au baridi, pamoja na ladha: uchachu, uchungu, utamu, ukali au chumvi. Tangawizi mbichi ina uvuguvugu, tikitimaji lina baridi. (Tabia hizi, bila shaka, hazipimwi kwa kipimajoto.)

Hata hivyo, Sun Simiao, tabibu wa karne ya 7, aliweka mpaka. Aliagiza mgonjwa atibiwe kwanza kwa chakula. Kikishindwa, ndipo dawa itumike. Dawa aliifananisha na askari, yaani nguvu isiyoamrishwa ovyo.

Mfano bora zaidi ni wa Zhang Zhongjing, aliyeishi karne nne kabla yake. Kwa homa ya mafua alichemsha vijiti vya mdalasini, mizizi ya peoni, susu, tangawizi na kunazi. Karibu nusu ya hivyo ni vya jikoni. Baada ya kunywa, mgonjwa alipewa uji mwepesi wa moto, akafunikwa, ili atoke jasho kidogo. Uji uliisaidia dawa kufanya kazi. Jasho likitoka na nafuu ikipatikana, dawa iliyosalia haikunywewa. Uji hauhitaji sharti kama hilo.

Kusahau tofauti hiyo kuna gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina. Mahali pa mzizi uitwao fangji palikuwa pametiwa guang fangji, wenye asidi ya aristolokiki, ambayo ni sumu. Majina yalikaribiana, mimea yenyewe haikuwa hata ya familia moja.