SOMO LA 14: KUPANDA MLIMA NA WENZAKO

1. Mlima wetu mrefu

Mlima Kilimanjaro ni mrefu kuliko milima yote ya Afrika. Kilele chake kinaitwa Uhuru. Kina mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Zamani kilele hicho kilikuwa na jina la mfalme wa Wajerumani. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Siku hiyo mwenge na bendera ya taifa viliwekwa juu ya kilele. Aliyeviweka alikuwa askari mmoja, Luteni Alexander Nyirenda. Tangu wakati huo kilele kinaitwa Uhuru.

Mjerumani Hans Meyer alijaribu kufika kileleni mwaka 1887. Hakufika. Alifika tarehe 6 Oktoba 1889, akiwa na mwenzake Ludwig Purtscheller. Walisaidiwa na wapagazi na waongozaji. Watu wa Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa mmoja wa wenyeji waliowaonyesha njia. Kwa hiyo tangu mwanzo mlima huu haukupandwa na mtu mmoja peke yake.

Siku hizi watu wengi hupanda Kilimanjaro. Wengine ni wageni. Wengine ni wananchi wanaokwenda pamoja na rafiki zao. Na vijana wengi wa vijiji vya chini ya mlima hupanda kwa sababu ya kazi. Wao ni wapagazi, wapishi na waongozaji.

Wengi hupanda na kurudi salama. Lakini wako wanaougua, na wako wanaokufa. Katika somo hili tutajifunza kwa nini mtu huugua mlimani, na wenzake wafanye nini ili arudi nyumbani.

2. Hewa ya juu ni nyepesi

Kila mtu anahitaji hewa. Ndani ya hewa mna oksijeni. Oksijeni ndiyo inayoupa mwili nguvu. Ubongo nao hauwezi kufanya kazi bila oksijeni.

Huku chini hewa ni nzito. Ukipanda mlima, hewa inakuwa nyepesi. Juu ya kilele cha Uhuru, pumzi moja ina karibu nusu tu ya oksijeni unayopata ukiwa pwani. Ni kama kula nusu sahani ya chakula huku kazi imeongezeka.

Je, mwili hufanya nini? Mwili una akili yake. Unaanza kupumua haraka na kwa nguvu zaidi. Moyo nao hupiga haraka. Baada ya siku nyingi mwili huongeza damu nyekundu ya kubeba oksijeni. Lakini kazi hiyo inahitaji muda. Mtu akipanda haraka mno, mwili hauwahi kuzoea. Hapo huugua. Tuuite ugonjwa huo ugonjwa wa mlima.

Ugonjwa huu hauchagui. Kijana mwenye nguvu anaweza kuugua, na mzee akafika salama. Anayeshinda mbio kijijini anaweza kuugua. Hata aliyepanda mwaka jana bila shida anaweza kuugua mwaka huu. Kwa hiyo mtu asijivunie misuli yake, na asimcheke mwenzake anayeugua.

3. Dalili za ugonjwa wa mlima

Dalili za kwanza ni hizi:

(a) Kichwa kinauma.
(b) Chakula hakitamaniki, au mtu anatapika.
(c) Mwili unachoka kuliko kawaida.
(d) Mtu anasikia kizunguzungu.
(e) Usingizi hauji vizuri.

Mwenye dalili hizi asipande zaidi. Apumzike hapo alipo na anywe maji. Akipata nafuu, anaweza kuendelea. Asipopata nafuu, ashuke.

Dalili za hatari ni hizi:

(a) Mtu anapepesuka kama mlevi.
(b) Anasema maneno yasiyoeleweka, au hajui alipo.
(c) Anahema sana hata akiwa amekaa.
(d) Anakohoa na kutoa povu, pengine lenye rangi ya damu.
(e) Midomo inageuka rangi ya bluu.

Mwenye dalili ya hatari, hata moja, ashushwe mara moja. Asingojee asubuhi. Ubongo au mapafu yake yanajaa maji. Anaweza kufa kwa muda wa saa chache. Dawa ya kwanza ni kushuka. Mara nyingi kushuka kati ya mita 300 na mita 1,000 huleta nafuu. Oksijeni ya mtungi na dawa za daktari husaidia, lakini haziondoi haja ya kushuka.

4. Safari ya marafiki wanne

Hebu tuchukue mfano. Marafiki wanne wa kijiji kimoja waliweka akiba mwaka mzima ili wapande Kilimanjaro. Mmoja alikuwa mwalimu. Wa pili alikuwa seremala, nao walimwita Fundi. Wa tatu alikuwa bwana shamba. Wa nne alikuwa dereva. Walipata mwongozaji mtu mzima, na msaidizi wake, na wapagazi.

Walipita njia ya Marangu. Siku ya kwanza walitembea msituni. Walilala kituo cha Mandara, mita 2,720. Siku ya pili waliuacha msitu wakaingia penye nyasi na vichaka. Walilala Horombo, mita 3,720. Siku ya tatu hawakuhama. Walipanda kidogo kutazama mawe yenye mistari kama punda milia, kisha wakarudi kulala Horombo. Mwongozaji aliwaambia, "Panda juu, lala chini. Ndivyo mwili unavyozoea."

Siku ya nne walivuka jangwa la mawe. Walifika kituo cha Kibo, kwenye mita 4,700 hivi. Jioni Fundi hakumaliza uji wake. Hakumwambia mtu.

Usiku wa manane walianza kupanda wakiwa na tochi. Baridi ilikuwa kali. Maji yaliganda ndani ya chupa. Njia ilikuwa ya changarawe inayoteleza. Unapanda hatua mbili, unarudi moja. Walipofika kwenye pango, juu ya mita 5,000, Mwalimu alimwona Fundi akipepesuka.

"Fundi, vipi?"

"Sina neno. Ni kichwa tu."

Mwongozaji alichora mstari chini kwa fimbo. "Fundi, hebu tembea juu ya mstari huu. Kisigino kiguse vidole."

Fundi alijaribu. Hatua ya tatu aliangukia upande. Alikasirika. "Niacheni! Nimeuza mbuzi wawili ili nije hapa. Nirudi kijijini niseme nini?"

Wote walinyamaza. Kila mmoja alijua mbuzi wale. Kilele kilikuwa juu yao, na fedha zilikwisha kulipwa.

Mwongozaji alisema kwa upole, "Mlima hauna miguu, Fundi. Mwakani utaukuta hapa hapa. Mkeo na watoto wanakungoja wewe, hawakingoji kilele. Tunashuka."

"Msaidizi wako atamshusha," alisema Dereva. "Nami nakwenda naye. Fundi hunisikia mimi."

"Na wewe umelipa, ndugu yangu," alisema Bwana Shamba.

"Nimelipa. Lakini tulitoka wanne."

Msaidizi alimshika Fundi mkono mmoja, Dereva akamshika mkono wa pili. Walishuka polepole hadi Kibo. Hapo Fundi alipewa oksijeni. Hawakulala Kibo. Askari wa hifadhi walileta machela yenye gurudumu, wakamshusha hadi Horombo. Kulipopambazuka Fundi aliomba chai. Aliuliza, "Nimefikaje hapa?" Hakukumbuka pango wala mstari.

Mwalimu na Bwana Shamba walifika Uhuru asubuhi. Walipata hati zao. Fundi na Dereva hawakupata hati. Lakini wote wanne walirudi kijijini wakitembea kwa miguu yao.

5. Mbona wengine hukimbia mlimani?

Pengine umesikia kuwa wako watu wanaokimbia hadi kileleni. Ni kweli. Mbio ndefu za milimani ni mchezo unaopendwa katika nchi nyingi. Wakimbiaji hupita njia za miguu, misitu na mawe. Mbio hizo huzidi kilomita 42, na nyingine huchukua usiku na mchana.

Mwaka 2006 Mtanzania Simon Mtuy alipanda Kilimanjaro na kushuka kwa muda wa saa 9 na dakika 21. Alibeba chakula na maji yake mwenyewe. Mwaka 2014 Karl Egloff wa Ecuador alipanda na kushuka kwa muda wa saa 6 na dakika 42.

Je, watu hawa hawahitaji kwenda polepole? Tuangalie vizuri. Wote wawili ni waongozaji wa milimani. Walipanda milima miaka mingi kabla ya siku ile. Miili yao ilikuwa imekwisha kuzoea hewa nyepesi. Sisi tunaziona saa chache za mbio. Hatuioni miaka ya polepole iliyotangulia. Asiyezoea akiwaiga, anajitafutia kifo.

Tena katika mbio hizo ndefu kuna kanuni. Kila kituo kina saa ya mwisho. Mkimbiaji akichelewa kufika, anasimamishwa, hata kama analia. Katika baadhi ya mashindano, aliyechoka anaruhusiwa kusindikizwa na mwenzake. Kwa hiyo hata wenye mbio wanajua kwamba mtu aliyechoka sana hawezi kujiamulia vizuri. Anahitaji mwenzake wa kumtazama.

6. Kanuni za kushika

Ndugu msomaji, huenda wewe au mwanao mtapanda mlima mrefu siku moja, kwa matembezi au kwa kazi. Shikeni kanuni hizi:

(1) Nendeni polepole. Mwendo uwe wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Mwenda pole hajikwai.

(2) Mkifika juu ya mita 3,000, msipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Vituo vikiwa mbali kuliko hapo, ongezeni siku ya kupumzika. Siku hiyo ina gharama, lakini matanga yana gharama zaidi.

(3) Kunyweni maji ya kutosha. Msinywe pombe, wala msimeze dawa za usingizi.

(4) Vaeni nguo za joto na koti lisilopitisha mvua. Mpagazi naye ana haki ya kuvaa, kula na kulala pakavu. Kanuni inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20.

(5) Semeni ukweli. Anayeficha maumivu anawahatarisha wote. Mpagazi naye aseme akiugua. Asiogope kwamba atanyimwa kazi. Kiongozi mwema humsikiliza mpagazi kama anavyomsikiliza mgeni.

(6) Kabla ya kuondoka, patana na wenzako juu ya saa ya kurudi. Saa ikifika, rudini, hata kama kilele kinaonekana.

(7) Mgonjwa asiachwe peke yake, wala asitumwe ashuke peke yake.

Kufika kileleni ni jambo la furaha. Lakini kilele ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kushuka, na anayekwenda na wenzake arudi nao.

MANENO MAPYA

Kilele – sehemu ya juu kabisa ya mlima.
Oksijeni – sehemu ya hewa inayoupa mwili nguvu.
Mpagazi – mtu anayebeba mizigo safarini.
Machela – kitanda cha kubebea mgonjwa.
Kupepesuka – kwenda huku na huku bila kusimama imara.

MASWALI

1. Kwa nini mtu huugua akipanda mlima haraka?
2. Taja dalili tatu za hatari. Ukiziona kwa mwenzako, utafanya nini?
3. Fundi alisema, "Sina neno." Kwa nini alificha ugonjwa wake?
4. Kwa nini marafiki hawakulala Horombo usiku mmoja tu?

HESABU

1. Mandara ni mita 2,720. Horombo ni mita 3,720. Ni mita ngapi kutoka Mandara hadi Horombo?
2. Mpagazi amepewa mzigo wa kilo 17. Nguo na chakula chake ni kilo 5. Jumla ni kilo ngapi? Je, imezidi kilo 20? Imezidi kwa kilo ngapi?

MAJADILIANO

Dereva aliacha kilele ili ashuke na Fundi, ingawa msaidizi alikuwapo. Wengine watasema alipoteza fedha zake. Wengine watasema alifanya vema. Wewe unaonaje? Zungumzeni darasani. Kisha kila mtu aandike sentensi tatu katika daftari lake.