BATRI YA MOTOKARI INAYOTEMBEA MARA CHACHE



Labda mutauliza: "Somo hili linatuhusu namna gani? Sisi hatuna motokari." Ni kweli. Lakini kuko vituo vya afya vyenye motokari moja ya kupeleka wagonjwa, nayo inasimama siku nyingi bila kutembea. Usiku mmoja mama amezaa, lakini damu haikatiki. Shofere anakimbia, anageuza ufunguo: tik, tik, kisha kimya.

Jambo hili niliona kwa macho yangu. Tuliamsha vijana wa jirani, wakasukuma motokari mpaka kwenye mteremko ndipo injini ikawaka. Yule mama alipona, lakini tulipoteza karibu saa moja. Na mama anayetoka damu nyingi nyuma ya kuzaa anaweza kufa katika saa mbili tu. Kwa hiyo batri ni jambo la wamama.

Juu ya nini batri inakufa?

Batri ya volti 12 iko na vyumba sita. Ndani ya kila chumba kuko sahani za risasi na maji makali yanayoitwa asidi. Motokari ikitembea, dinamo inarudisha nguvu ndani ya batri. Ikisimama, nguvu inapotea polepole, hata kama hakuna mtu anayeigusa, na joto linaharakisha jambo hilo. Tena saa na alamu za motokari zinakula kidogo kidogo. Batri ikikaa na njaa siku nyingi, sahani zinashikwa na chumvi ngumu nyeupe, na haiwezi tena kupokea chakula chake chote.

Munajua tunavyofanya na watoto: tunawapima kila mwezi, hatungoji wakonde. Batri pia ipimwe. Motokari ikiisha kupumzika usiku mzima, fundi anapima:
– volti 12,6 au zaidi: imeshiba;
– volti 12,4: imeanza kupungua, itiwe chaji;
– volti 12,0: karibu tupu, itiwe chaji leo, si kesho.

Namna ya kuchagua batri

1. Nguvu na ukubwa vifuate vile mtengenezaji wa motokari alivyoandika. Injini ya mazutu inaomba nguvu nyingi kwa kuwaka. Musikubali batri ndogo sababu ya bei.
2. Muulize tarehe ya kutengenezwa. Batri iliyokaa mwaka mzima katika duka la joto bila kutiwa chaji imekwisha kuzeeka.
3. Muuzaji apime volti mbele yenu kabla ya kulipa.
4. Kama hakuna mtu wa kuangalia maji kila mwezi, batri iliyofungwa, isiyoongezwa maji, inafaa zaidi.

Namna ya kutunza

Kila juma motokari itembee nusu saa au zaidi. Kuwasha injini dakika tano na kuzima hakutoshi: nguvu iliyotumika kwa kuwasha haijarudi yote.

Kama mafuta ni shida, kuko njia mbili. Ya kwanza: sahani ndogo ya jua, pamoja na regilateri yake, inalisha batri polepole kila siku. Ya pili ni ya motokari inayopumzika muda mrefu: fundi afungue waya, ule wa alama ya kutoa (–) kwanza, wakati wa kurudisha, huo uwe wa mwisho. Lakini motokari ya wagonjwa isiachwe bila waya.

Kila mwezi muangalizi atazame maji ya batri yenye vifuniko. Maji yafunike sahani. Aongeze maji safi ya batri yanayouzwa katika chupa, hapana maji ya kisima, hapana asidi.

Tena, batri ya motokari isiazimwe kwa muziki wa ndoa wala kwa kuchaji telefone. Sahani zake ni nyembamba, ni za kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Ikimalizwa kabisa mara chache tu, inaharibika.

Hatari kwa watoto

Batri inatoa hewa inayoweza kulipuka. Musilete taa ya moto wala sigara karibu.

Asidi ikiruka machoni au kwenye ngozi, osheni palepale kwa maji mengi, dakika 20, kisha mukimbilie kwa munganga. Mtoto akiimeza, musimtapishe; mumulete upesi.

Risasi ya batri ni sumu. Inaharibu ubongo wa mtoto. Karibu na Dakar, katika Senegali, watu walikuwa wakivunja batri za zamani na kuchekecha udongo wake. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa huko, na sumu hiyo ndiyo iliyofikiriwa kuwaua. Basi batri iliyokufa isivunjwe katika lupango, isiyeyushwe kwenye jiko. Irudishwe kwa muuzaji anayezikusanya.

Maulizo ya kujibu pamoja

1. Juu ya nini dakika tano za kuwasha hazitoshi?
2. Tunafanya nini asidi ikiingia katika jicho la mtoto?
3. Ni nani anayeangalia batri ya kituo chetu?

Kama ulizo la tatu halina jibu, mulipeleke kwa komite ya afya juma hili. Muulize pia: "Motokari yetu ilitembea mwisho siku gani?" Afadhali kuuliza mchana kuliko kusukuma usiku.