Sola ya nyumbani: piga hesabu ya betri kabla ya kutuma hela

Ndugu zetu wa Blacktown na Auburn mmetuuliza sana: huku mapaa yamejaa sola, je, nami nitume hela kijijini wafunge? Tume, ila hesabu ya huku siyo ya kule.

Huku Sydney paneli zimeungwa na gridi, na umeme unaobaki mchana unauzwa. Mwaka 2010 serikali ya New South Wales ilianza kulipa hadi senti 60 kwa uniti. Mpango ule uliisha mwishoni mwa 2016, na siku hizi unalipwa senti chache tu, wakati uniti unayonunua usiku inaweza kupita senti 30. Ndiyo maana mwenye sola hapa anafua saa sita mchana. Kama nyumba uliyopanga ina sola na bili ni yako, fua mchana na wewe.

Kijijini hakuna wa kumuuzia. Unachookoa ni hela ya mafuta ya taa na ya kuchajisha simu dukani. Na usiku nyumba inabebwa na betri.

Zidisha wati kwa saa. Taa 4 za wati 5, saa 5: 100. TV ya wati 30, saa 4: 120. Simu, tuseme 30. Jumla 250. Paneli ya wati 100 kwa saa 5 za jua kali ni 500 kwenye karatasi. Toa theluthi kwa joto, vumbi na nyaya. Bado inatosha. Betri ya volti 12, ampea 100, ina 1,200, lakini ile ya asidi usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo una 600, yaani usiku mbili za mawingu.

Mwenzetu mmoja wa zege alituma dola 900. Nyumbani wakaongeza inveta, wakapiga pasi ya wati 1,000. Nusu saa ya pasi ni 500, taa na TV za siku mbili hizo! Betri ikafa kabla ya mwaka. Dada yake hatumlaumu, hakuna aliyemwambia.

Halafu usimwambie fundi aelekeze paneli kaskazini kama huku. Karibu na ikweta jua linapita utosini. Mteremko kidogo unatosha, mvua ioshe vumbi.

Hela itume kwa awamu: kwanza ya vifaa, na ya fundi baada ya kuona picha ya lebo ya betri na taa zikiwaka usiku.