Barua ya Onyo Kutoka Chuoni: Ijibu, Usiifiche



Kila matokeo ya muhula yanapotoka, ofisi yetu ya elimu hupokea vijana wachache wenye barua mfukoni. Huja jioni, foleni ikiwa imekwisha, na huanza kwa kuuliza habari nyingine kabisa. Barua hutolewa mwishoni. Safari hii tumeona afadhali tuyaandike mambo haya kwenye karatasi, ili hata wale wasiofika ofisini wayasome, na wazazi nao wayaelewe. Tunazungumzia vyuo vya Uganda, kwa kuwa ndiko wanakosoma vijana wetu wengi.

BARUA INASEMA NINI

Kuna barua za aina mbili, na watu huzichanganya kwa sababu zote zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Ya kwanza ni barua ya probesheni. Maana yake ni kwamba alama zako zimeshuka chini ya kiwango. Unaendelea kusoma, lakini chuo kinakuangalia. Ya pili ni barua ya kuondolewa katika masomo, jambo ambalo wanafunzi wa Tanzania huliita "kudisko".

Katika Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mfano, mwanafunzi huwekwa katika probesheni wastani wake unapokuwa chini ya 2.0 kwenye kipimo cha 5.0, au akifeli somo la lazima. Huondolewa akifikisha probesheni tatu mfululizo. Kila chuo kina kitabu chake cha kanuni. Omba cha kwenu na usome ukurasa unaohusu jambo hili kabla ya kusikiliza maneno ya bwenini.

Wazazi wengi huuliza: "Mtoto amefaulu masomo manne kati ya matano, mbona anaonywa?" Tufanye hesabu. Tuseme mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana masomo matano, manne yenye uzito wa 4 na moja lenye uzito wa 3. Amepata 62, 57 na 54 katika masomo matatu ya uzito wa 4, na 51 katika lile la uzito wa 3. Katika Takwimu, yenye uzito wa 4, amepata 33. Kwa kipimo cha Makerere, alama 62 ni pointi 3.0, 57 ni 2.5, 54 na 51 ni 2.0 kila moja. 33 ni sifuri. Zidisha kila pointi kwa uzito wa somo: 12, 10, 8, 6 na 0. Jumla ni 36. Gawanya kwa uzito wote, yaani 19, unapata 1.89. Sifuri moja imemvuta chini.

Sasa geuza hesabu hiyohiyo. Ikiwa muhula wa pili nao una uzito wa 19, atahitaji pointi 76 kwa mihula yote miwili ili afike 2.0. Anazo 36, kwa hiyo anadaiwa 40. Akipata 55 katika somo moja la uzito wa 4, na 50 katika mengine yote, amezifikisha. Takwimu bado atairudia, lakini mlima wenyewe ni mdogo kuliko alivyoudhania usiku ule aliposoma barua. Fanya hesabu yako kwa namna hii, kwa kalamu, kabla ya kuamua kuacha chuo. Tumekutana na wawili walioacha bila kuifanya.

KWA NINI HUTOKEA

Uvivu upo, hatukatai. Lakini kwa wanafunzi wetu sababu mbili hurudi tena na tena.

Ya kwanza ni lugha. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu au Bujumbura anaweza kulijua somo vizuri na bado akaandika nusu ya jibu tu, kwa kuwa muda umemwishia akitafuta maneno. Huyu hahitaji kusoma usiku kucha. Anahitaji kuandika majibu kwa Kiingereza kila siku, huku saa ikiwa mezani.

Ya pili ni utaratibu. Aliyesoma Kongo amezoea kwamba anayeanguka katika kipindi cha kwanza cha mitihani anangoja kipindi cha pili mwaka uleule. Katika mfumo wa mihula wa Uganda, somo ulilofeli hulirudia linapofundishwa tena, na mara nyingi hiyo ni mwaka unaofuata. Tena majaribio na kazi za darasani huingia katika alama ya mwisho, mara nyingi 30 au 40 kati ya 100. Mwanafunzi aliyerudi kambini wiki mbili kumsaidia mama kuvuna, akakosa majaribio yote mawili, anaingia kwenye mtihani akiwa ameshapoteza alama hizo. Hata akiandika vizuri sana atafika hamsini kwa taabu.

Ikiwa una ugonjwa mrefu au msiba, omba kusimamisha masomo kwa muhula mmoja, na uombe mapema, kabla ya mitihani. Chuo kikikubali kwa maandishi, muhula huo hauhesabiwi kuwa umefeli. Ukiondoka kimya, unahesabiwa.

UFANYE NINI SIKU YA KWANZA

Tazama tarehe. Barua ya kuondolewa, au kitabu cha kanuni, hutaja siku za kukata rufani. Zinahesabika haraka.

Hapa lazima tueleze habari ya kijana mmoja, bila kumtaja wala kutaja chuo chake. Aliondolewa, akapewa siku 14 za kukata rufani. Aliificha barua chini ya godoro, akawa anatoka kila asubuhi na daftari ili mwenye nyumba asijue. Alitufikia siku ya 40. Tulipomwuliza kilichotokea, akatoa kwenye begi karatasi za hospitali: alikuwa amelazwa kwa malaria kali wiki ya mitihani yenyewe. Karatasi hizo zingetosha. Tuliandika hata hivyo, na jibu likaja fupi, kwamba muda umepita.

Kwa hiyo wiki hiyohiyo nenda kwa mkuu wa idara yako, kisha kwa msajili wa masomo. Nenda na barua, matokeo yako, na vyeti vyovyote vya hospitali au vya msiba. Uliza maswali matatu: ni somo gani limeniangusha, nitalirudia lini, na nitalipa kiasi gani kulirudia. Andika majibu, na jina la cheo cha aliyekujibu.

Halafu andika barua. Barua nyingi tunazoletewa tuzisahihishe huanza na vita. Vita ni kweli, na hakuna anayewaambia mvisahau. Lakini kamati ina barua nyingi mezani na inataka kujua kilichotokea katika muhula huu, na kitakachobadilika katika ule ujao. Kama mambo ya vita ndiyo yanayokunyima usingizi hata leo, yaseme kwa sentensi mbili na uambatanishe barua ya mshauri au daktari. Huu hapa ni mfano. Utauandika kwa Kiingereza. Tumeuweka kwa Kiswahili ili uuone mpango wake:

"Kwa Msajili wa Masomo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nambari ya usajili (andika). Nimepokea barua yako ya tarehe (andika). Nilipata 33 katika Takwimu. Nilikosa jaribio la pili kwa sababu nililazwa hospitali siku tisa, cheti kimeambatanishwa. Pia nakiri kwamba sikuhudhuria mazoezi ya Ijumaa, kwa kuwa nilikuwa nikifanya kibarua. Kibarua hicho nimekiacha. Mhadhiri wa somo amekubali kunipokea kila Jumatano. Naomba niruhusiwe kuendelea na masomo na kurudia Takwimu itakapofundishwa tena."

Angalieni kwamba amekiri kosa lake mwenyewe. Wengine hudhani hilo linawadhuru. Sisi tumeona kinyume: barua isiyo na kosa hata moja la mwandishi haisadikiki. Lakini usiandike jambo ambalo hujalifanya. Mhadhiri ataulizwa. Baki na nakala, na mwombe karani agonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

MFADHILI NA HADHI YA UKIMBIZI

Hofu kubwa tunayoisikia ni hii: "Nikifukuzwa chuo, jina langu litafutwa." Hapana. Nafasi chuoni, ufadhili, na hadhi ya ukimbizi ni mambo matatu tofauti. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unataja sababu zinazoweza kukomesha hadhi hiyo, kama vile kujirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yako au kupata uraia mpya. Kufeli mtihani hakumo, na katika Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 hakumo pia.

Ufadhili ni jambo jingine, na unaweza kupotea. Wanaosomeshwa na DAFI, mpango wa UNHCR ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani, wanajua kwamba matokeo yao hufuatiliwa. Mwarifu mfadhili wako mwenyewe, kabla hajaarifiwa na chuo, na umpelekee hesabu uliyofanya hapo juu pamoja na nakala ya barua yenye muhuri. Mfadhili aliyeona mpango ana kitu cha kutetea anapokaa na wakubwa wake. Aliyefichwa hana.

RUFANI IKIKATALIWA

Usiondoke bila hati ya matokeo. Masomo uliyofaulu ni mali yako. Chuo kingine kinaweza kuyakubali baadhi yake, au kukupokea katika ngazi ya diploma au cheti. Kabla ya kulipa popote, hakikisha chuo hicho kimetambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda. Mawakala wanaopita kambini kutafuta wanafunzi hawapendi kuulizwa swali hilo, waulizeni.

Kwa wazazi tunaomba jambo moja. Kijana akirudi muhula haujaisha, msianze na fedha zilizokwenda. Mwulizeni barua iko wapi na ina tarehe gani. Fedha zitazungumzwa, lakini tarehe haingoji.

Ofisi ya elimu husoma na kutafsiri barua za vyuo bila malipo, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo na barua yenyewe, matokeo ya mihula yote, na kadi yako ya familia. Asiyependa kusimama kwenye foleni mbele ya majirani amwambie mlinzi wa lango kwamba amekuja kwa habari za chuo. Ataingizwa kwa mlango wa nyuma.